Kuomba Kazi ya Uhudumu wa Ndege Ukiwa Arusha au Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya vijana wa Arusha, Moshi na wilaya za jirani wanaofikiria kuomba kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege katika mashirika yanayoruka ndani ya Tanzania na kwenda nchi jirani. Waombaji wengi huanza kwa kuuliza kuhusu urefu, sura na mshahara. Mambo hayo yamejibiwa humu, lakini nafasi kubwa zaidi imetolewa kwa yale yanayoamua hatima ya maombi mengi: aina ya ndege, mahali pa kuishi, nyaraka, na ukweli kwamba sheria inamtaka mhudumu awemo ndani ya ndege kwa sababu ya usalama wa abiria. Chai na juisi ni nyongeza.

Je, kampuni za ndege zilizopo uwanja wa Kisongo huajiri wahudumu wa ndani ya ndege?

Nyingi haziajiri, na ni vyema jambo hili lijulikane mapema kabla mtu hajazunguka na bahasha kutoka ofisi moja hadi nyingine. Ndege nyingi zinazoondoka Kisongo kwenda Seronera, Manyara na Zanzibar ni ndogo, hasa Cessna Caravan, ambazo kwa kawaida hubeba abiria 12 au 13. Katika nchi nyingi sharti la kuwa na mhudumu huanza pale ndege inapozidi viti 19, na kuanzia hapo huhesabiwa walau mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake. Ndiyo maana katika Caravan rubani mwenyewe ndiye hugeuka nyuma na kuwaeleza abiria namna ya kufunga mikanda na mahali milango ilipo.

Mhudumu huanza kuhitajika katika ndege za ukubwa wa ATR 42, ATR 72 na Dash 8 Q400, na kuendelea hadi ndege za jeti. Kwa Tanzania, mwombaji huanza kwa kuangalia Precision Air, ambayo huendesha ATR, na Air Tanzania, ambayo ina Q400, Airbus A220, Boeing 737 MAX 9 na Boeing 787.

Hata hivyo, kampuni za Caravan zisidharauliwe. Zina kazi za kaunta ya abiria, mizigo, tiketi na uratibu wa safari, na mtu aliyekaa mwaka mmoja akiwapokea watalii waliochelewa, waliochoka na waliopotelewa na mabegi huwa na mengi ya kusema siku ya usaili kuliko aliyekaa nyumbani akisubiri tangazo.

Nikipata kazi, nitaweza kuendelea kuishi Arusha au Moshi?

Ni vigumu. Mashirika yote mawili yaliyotajwa yana makao makuu Dar es Salaam na safari zao nyingi huanzia na kuishia huko, kwa hiyo mhudumu hutarajiwa kuishi mahali anapoweza kufika haraka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Zipo zamu za akiba, ambapo mhudumu hukaa nyumbani akiwa tayari, na akipigiwa simu kwa sababu mwenzake ameugua hupewa muda mfupi tu wa kuripoti. Zamu hiyo haiwezekani kwa mtu anayeishi Rau au Njiro.

Kuna kejeli kidogo hapa, kwa kuwa Precision Air yenyewe ilianza mwaka 1993 ikiwa kampuni ya ndege za kukodi yenye makao yake Arusha, ikitumia ndege ndogo aina ya Piper Aztec. Biashara ilipokua ilihamia Dar es Salaam, na kazi zikahama pamoja nayo. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), ambao ulifunguliwa mwaka 1971 na uko wilayani Hai katikati ya miji yetu miwili, hupokea ndege nyingi zenye wahudumu, lakini wengi wa wahudumu hao huwa wamekuja na ndege na huondoka nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba, zungumza na familia kuhusu kuhama. Fanya hesabu ya kodi ya nyumba, ambayo mara nyingi wenye nyumba Dar es Salaam huitaka kwa miezi kadhaa kwa mkupuo, pamoja na gharama za usafiri wa alfajiri kabla daladala hazijaanza. Wapo waombaji waliofaulu usaili wakashindwa kuripoti kwa sababu hawakuwa na mahali pa kufikia.

Sifa za msingi ni zipi?

Matangazo hutofautiana, lakini mengi hutaka cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu mzuri wa Kiingereza na Kiswahili, umri usiopungua miaka 18 na katika baadhi ya mashirika 21, afya njema, uwezo wa kuogelea, na hati ya kusafiria iliyo hai. Baadhi huongeza cheti cha mafunzo ya awali ya uhudumu wa ndege au uzoefu wa kuhudumia wateja. Lugha ya tatu huongeza nafasi, na hapa vijana wa Kaskazini wana hazina ambayo huisahau: wapo wengi waliojifunza Kifaransa, Kijerumani, Kihispania au Kichina kwa ajili ya kuongoza watalii, lakini katika maombi huandika tu kwamba wanajua Kiswahili na Kiingereza.

Je, ni lazima niwe mrefu?

Kinachopimwa hasa ni mkono unafika wapi. Mashirika makubwa ya Ghuba, kama Emirates na Qatar Airways, humtaka mwombaji aguse sentimita 212 akiwa amesimama kwa vidole vya miguu. Sababu yake ni kwamba vifaa vya dharura, kama mitungi ya kuzimia moto na ya oksijeni, huweza kuwekwa katika makabati ya juu, na mhudumu asiyevifikia hana msaada moshi ukianza kutoka.

Katika ndege ndogo za kikanda hali ni tofauti kidogo. Ndani ya ATR, kutoka sakafuni hadi darini ni sentimita 191 tu, kwa hiyo makabati yako chini zaidi, na mtu mrefu kupita kiasi ndiye anayepata taabu kwa sababu atafanya kazi siku nzima akiwa ameinama. Soma kipimo kilichoandikwa katika tangazo, jipime ukutani nyumbani bila viatu, na usiongeze sentimita katika fomu. Siku ya usaili utapimwa mbele ya watu.

Nisome kozi kabla ya kuomba, au shirika litanifundisha?

Swali hili hugharimu familia nyingi pesa, kwa hiyo linastahili jibu refu.

Yapo mafunzo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya awali, ambayo mtu huweza kuyasoma katika chuo kilichoidhinishwa kabla ya kuajiriwa. Ya pili ni ya aina mahususi ya ndege, ambayo hutolewa na shirika lenyewe au kwa niaba yake baada ya kuajiriwa, kwa sababu mlango wa ATR haufunguliwi kama mlango wa Airbus, na taratibu za dharura za shirika moja si za shirika jingine. Hakuna chuo kinachoweza kukupa ya pili ukiwa mtaani, na hakuna cheti cha ya kwanza kinachokuondolea ya pili.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, ndiyo huidhinisha vyuo vya mafunzo ya anga. Kwa upande wa vyuo vya umma, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, hutoa mafunzo ya wahudumu wa ndege. Katika miji yetu vipo vyuo vingi vinavyofundisha utalii, ukarimu na ukataji wa tiketi za ndege. Kozi hizo zina manufaa yake, lakini cheti cha ukataji wa tiketi si cheti cha uhudumu wa ndege, hata kama bango la chuo lina picha ya msichana aliyevaa skafu na kofia akiwa amesimama mbele ya Boeing.

Kabla ya kulipa ada, uliza chuo maswali mawili na utake majibu kwa maandishi. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi? Je, kozi hii hasa, na si chuo kwa ujumla, imeidhinishwa na TCAA? Kisha piga simu TCAA kuthibitisha jibu la swali la pili. Chuo halali hakitachukia, na mkuu wa chuo anayekwambia kwamba uthibitisho uko njiani anakuambia kwamba haupo.

Maoni yangu ni haya: kama tangazo la shirika unalolilenga halidai cheti cha awali, anza kwa kuomba, na fedha za ada zielekezwe kwanza katika hati ya kusafiria, masomo ya kuogelea na Kiingereza cha kuzungumza. Kama tangazo linakidai, basi soma, lakini soma mahali ambapo cheti kitatambuliwa.

Mafunzo yenyewe yanahusu nini?

Sehemu kubwa ni usalama: kuzima moto katika chumba kilichojaa moshi, kufungua milango na madirisha ya dharura, kuwaondoa abiria, huduma ya kwanza ikiwa ni pamoja na kufufua moyo uliosimama, kutambua mizigo hatari, kukabiliana na abiria mkorofi, na kushirikiana na marubani. Ndege yenye viti zaidi ya 44 haipati kibali cha kuundwa hadi ithibitishwe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Sekunde hizo 90 ndizo msingi wa karibu kila zoezi utakalofanya, na sauti ya kuamuru hupimwa kama vile nguvu za mkono zinavyopimwa. Mtu mpole anayeogopa kupaza sauti hupata shida hapa, na walimu hawamwonei huruma.

Huduma ya chakula, usafi, mavazi na lugha ya adabu hufundishwa pia, kwa muda mfupi zaidi. Baada ya darasa kuna mitihani, kisha safari za kujifunza chini ya mhudumu mzoefu. Hata aliyeajiriwa miaka mingi hurudi darasani kila mara kwa mafunzo ya marejeo, na asiyefaulu haruki hadi afaulu.

Kwa nini nijue kuogelea wakati ndege inaruka juu ya nchi kavu?

Kwa sababu si kweli kwamba inaruka juu ya nchi kavu tu. Njia ya Zanzibar inavuka bahari, njia ya Mwanza na ya Bukoba zinafika Ziwa Victoria. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wakiwemo wahudumu wawili. Watu 19 walipoteza maisha na 24 waliokolewa, kwa msaada mkubwa wa wavuvi waliofika kwa mitumbwi.

Mfano wa zamani zaidi ni wa Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa imetekwa ilipoishiwa mafuta na kutua baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walifariki, na baadhi yao walikuwa wamejaza hewa majaketi ya kujiokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwanyanyua hadi darini na wakashindwa kuzamia kuufuata mlango. Ndiyo sababu mhudumu husisitiza kwamba jaketi lijazwe hewa wakati wa kutoka, na ndiyo sababu sauti yake inapaswa kusikika.

Wengi wetu tumekulia mlimani na hatukuzoea maji ya kina. Yapo mabwawa ya kuogelea katika hoteli za Arusha na Moshi yanayoruhusu watu wa nje kwa malipo. Jifunze na mwalimu, na ufike kiwango cha kuogelea bila kushika ukingo, kuelea kwa utulivu, na kumvuta mtu mwingine. Usijifunze mtoni au katika mifereji ya umwagiliaji.

Uchunguzi wa afya unaangalia nini?

Hufanywa na daktari anayetambuliwa na TCAA, na huangalia macho, masikio, moyo, mapafu, mgongo na hali ya jumla. Masikio na pua hupewa uzito kwa sababu ya mabadiliko ya shinikizo la hewa. Ndani ya ndege iliyo juu sana, hewa huweza kuwa nyepesi kama ilivyo kwenye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi, yaani mahali fulani kati ya lango la Marangu na kibanda cha Mandara. Mtu mwenye afya njema hapati shida, lakini mwenye mafua makali au tatizo la uwazi wa mifupa ya uso huweza kuumia.

Miwani na lenzi kwa kawaida si kikwazo iwapo uwezo wa kuona uliosahihishwa unatosha. Usifiche ugonjwa wa kifafa, pumu au kisukari. Muulize daktari mapema.

Niandae nyaraka gani?

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia, na karibu kila mara chanzo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo, la baba na la ukoo. Cheti cha Kidato cha Nne kina majina mawili. Kitambulisho cha NIDA kina herufi moja iliyozidi. Na hati ya kusafiria imefuata NIDA. Mwajiri anayeshughulikia mamia ya maombi hana muda wa kuchunguza kama hao ni watu watatu au mmoja. Weka vyeti vyako vyote mezani, soma majina herufi kwa herufi, na urekebishe kasoro kupitia ofisi husika au kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Zoezi hili huchukua wiki nyingi, hivyo lisisubiri tangazo.

Utahitaji cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa RITA, kitambulisho cha taifa au angalau namba yake, vyeti vya NECTA, vyeti vya mafunzo, na picha ndogo za hivi karibuni. Hati ya kusafiria ya kielektroniki, ambayo Uhamiaji ilianza kuitoa Januari 2018, huombwa kwa kujaza fomu mtandaoni na kukamilisha katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Arusha na Moshi zote zina ofisi hizo. Mashirika mengi hutaka pia uthibitisho wa Polisi kwamba huna kumbukumbu ya uhalifu, unaotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni muhimu kwa anayeruka nchi za jirani. Huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hutambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo anayekwambia urudie kila baada ya miaka kumi anatumia kanuni ya zamani.

Air Tanzania ni kampuni ya umma, na nafasi za taasisi za umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako mwombaji hufungua akaunti na kupakia nyaraka zake. Soma masharti yao kwa makini: nakala ziwe zimethibitishwa na mwanasheria, barua iwe imesainiwa, na hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya cheti kamili. Mashirika binafsi hupokea maombi kwa tovuti zao au barua pepe iliyotajwa katika tangazo.

Barua na wasifu viandikwe vipi?

Kwa ufupi, katika lugha ya tangazo, na bila kunakili barua ya rafiki. Wasomaji wa maombi wameshaona mara nyingi sentensi inayosema kwamba mwombaji amekuwa akipenda ndege tangu utotoni. Waeleze badala yake umefanya nini. Aliyewahi kuhudumu katika hoteli ya mjini au kambi ya Serengeti aandike alihudumia meza ngapi kwa zamu, alishughulikiaje mgeni aliyepata mzio wa chakula, na nani anaweza kuthibitisha. Aliyewahi kuwa mpagazi au mpishi mlimani ana ushahidi wa ustahimilivu na wa kufanya kazi katika kikundi chini ya mashaka, na mashirika huuelewa ushahidi huo yakielezwa vizuri. Aliyefundishwa huduma ya kwanza na Chama cha Msalaba Mwekundu aweke cheti chake mbele, kisifichwe ukurasa wa mwisho.

Usaili unakuwaje?

Kwa kawaida kuna hatua kadhaa: kupimwa urefu na kuangaliwa mwonekano, mtihani wa kuandika wa Kiingereza na hesabu nyepesi, kazi ya kikundi, na mazungumzo na jopo. Katika kazi ya kikundi huangaliwa anayesikiliza na anayemrudisha mwenzake aliyesahauliwa katika mazungumzo, kuliko anayezungumza sana. Katika mazungumzo utaulizwa mambo ya hali halisi. Abiria amekataa kuzima simu, utafanyaje? Mama mja mzito anataka kukaa mlango wa dharura, utamwambia nini? Jibu linaloanza na usalama, kisha heshima, huwa bora kuliko linaloanza na kumridhisha mteja.

Huenda ukapewa tangazo ulisome kwa sauti kwa lugha zote mbili. Fanya mazoezi nyumbani na sentensi kama hii: “Mabibi na mabwana, tafadhali fungeni mikanda yenu, nyoosheni viti vyenu, kunjeni meza zilizo mbele yenu na hakikisheni mizigo ya mkononi iko chini ya kiti au katika kabati la juu.” Isome taratibu, bila kuimba. Wengi hujiandaa kwa Kiingereza tu, kisha hukwama katika Kiswahili rasmi, jambo ambalo kwa kweli ni aibu.

Huulizwa pia kama inafaa kuliamkia jopo. Wakiwepo watu wa umri wa wazazi wako, shikamoo unapoingia si kosa, mradi mazungumzo yakianza kwa Kiingereza uendelee kwa Kiingereza. Vivyo hivyo ndani ya ndege: mzee kutoka Mwika anayepanda ndege kwa mara ya kwanza hutulia haraka akiamkiwa vizuri kabla ya kuelekezwa mkanda.

Lafudhi, makovu na tatoo vina athari?

Lafudhi ya Kichaga, Kimeru au Kimaasai si kikwazo iwapo unaeleweka. Kovu la kawaida halina shida. Tatoo inayoonekana ukiwa umevaa sare mara nyingi humwondoa mwombaji, na kuifunika kwa vipodozi haikubaliki katika baadhi ya mashirika.

Nimeambiwa nitume pesa ili niwekwe kwenye orodha ya usaili. Ni kweli?

Si kweli, na usitume. Shirika la ndege halidai ada ya fomu, ya usaili, ya sare wala ya uchunguzi wa afya kupitia namba ya simu ya mtu binafsi. Matapeli huchukua nembo halisi na kuandika tangazo linalofanana na la kweli, kisha huweka barua pepe ya bure na namba ya kutumia fedha, huku wakimharakisha mwombaji kwamba nafasi zimebaki tatu. Linganisha tangazo na tovuti rasmi ya shirika. Ukikuta halipo huko, chukulia kwamba halipo kabisa. Ukiwa umeshatuma, toa taarifa kwa mtandao wako wa simu mara moja na kisha polisi, ukiwa na kumbukumbu za ujumbe.

Na yule mjomba wa rafiki anayefanya kazi uwanjani na anayeweza “kuongea na watu”? Mwachie salamu tu.

Wanaume huajiriwa? Na mwanamke aliyeolewa au mwenye mtoto?

Wanaume huajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya ndoa, ujauzito na mengineyo, na humpa mfanyakazi mjamzito likizo ya uzazi yenye malipo ya siku zisizopungua 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Katika kazi hii mjamzito huacha kuruka mapema zaidi kwa sababu za afya na usalama, kwa hiyo uliza shirika humpangia kazi gani ya ardhini katika kipindi hicho na malipo yanakuwaje.

Mshahara ni kiasi gani, na mkataba niusome vipi?

Kiasi hutofautiana kwa shirika na kwa uzoefu. Fahamu muundo wake: kuna mshahara wa msingi, posho inayotegemea saa za kuruka au safari, na posho ya kulala nje ya kituo. Ndege ikiwa matengenezoni, saa za kuruka hupungua na posho hupungua nazo, hivyo panga maisha kwa mshahara wa msingi.

Katika mkataba tafuta kifungu cha gharama za mafunzo. Mashirika mengi humtaka mhudumu atumikie muda fulani au arejeshe sehemu ya gharama akiondoka mapema. Kifungu hicho si cha ajabu, lakini kiasi na muda viwe vimeandikwa wazi, na deni lipungue kadiri unavyotumikia. Zingatia pia kwamba chini ya sheria hiyo hiyo ya 2004, mfanyakazi aliyetumikia chini ya miezi 6 hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

Je, niombe pia nchi jirani?

Unaweza kufuatilia Kenya Airways na Jambojet za Nairobi, RwandAir ya Kigali, Uganda Airlines ya Entebbe na Ethiopian Airlines ya Addis Ababa. Angalia kwanza kipengele cha uraia, kwa kuwa matangazo mengi ya wahudumu ni ya raia wa nchi husika, na asiye raia huhitaji kibali cha kazi. Mashirika ya Ghuba, kinyume chake, huajiri watu wa mataifa mengi na hupanga siku za usaili katika miji mbalimbali ya Afrika.

Nikikataliwa, naweza kuomba tena?

Ndiyo, isipokuwa tangazo liseme vinginevyo. Baadhi ya mashirika huweka muda wa kusubiri kabla ya kurudi. Kama uliondolewa kwa sababu ya kuogelea, Kiingereza au nyaraka, rudi ukiwa umerekebisha. Kama ni kipimo cha mkono, omba shirika lenye ndege ndogo zaidi au lenye kipimo tofauti, na wakati huo huo fikiria kazi za ardhini KIA na Kisongo.